Kina na Bapa: Mpangilio wa Nafasi katika Uchoraji na Funzo Lake kwa Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Neno kina lina makao zaidi ya moja katika lugha ya Kiswahili. Mvuvi anapolitumia, humaanisha umbali wa kwenda chini, kutoka uso wa maji hadi sakafu ya bahari. Mshairi anapolitumia, humaanisha mlio wa silabi inayorudiwa mwishoni mwa kipande, mlio ambao hukaa juu kabisa ya shairi, pale ambapo hata mwanagenzi anaweza kuupigia mstari kwa kalamu. Makala haya hayadai kwamba matumizi haya mawili yana asili moja. Yanadokeza tu kwamba msikilizaji wa Kiswahili amezoea kulisikia neno hilohilo likitaja kilichozama na kilicho juu, na hajapata kuchanganyikiwa.

Kuna matumizi ya tatu, nayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Haya ni ya mhakiki asemaye kwamba riwaya fulani haina kina, au kwamba wahusika wake ni bapa. Kauli hizo zimejaa katika tahakiki zetu, katika miongozo ya shule za upili na katika tasnifu za wanafunzi wa uzamili. Mwandishi wa makala haya naye amezitumia darasani kwa miaka mingi, na amewahi kuwanyima alama wanafunzi walioshindwa kuutaja ubapa wa mhusika kuwa ni dosari. Kwa hivyo hoja zitakazotolewa hapa zinamhusu yeye kwanza.

Kina na ubapa ni istilahi za jicho. Zinatokana na tajriba ya kutazama kitu kilichochorwa juu ya ukuta, ubao au turubai. Mtu akiazima chombo kwa jirani, busara humtaka ajue kilivyokuwa kikitumiwa kule kilikotoka. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi wachoraji wanavyopanga nafasi, matabaka na kina katika picha, kisha kuuliza kama uchunguzi huo unaunga mkono desturi yetu ya kukiona kina kuwa ni sifa na ubapa kuwa ni upungufu.

Dirisha la Florence

Kila picha huanza na tatizo moja: uso wa kuchorea una urefu na upana tu, ilhali ulimwengu una pia umbali wa kwenda mbele. Mchoraji ana njia kadhaa za kulikabili tatizo hilo. Anaweza kukifanya kitu kimoja kifunike sehemu ya kingine, nasi tukajua kipi kiko mbele. Anaweza kupunguza ukubwa wa vitu kadiri vinavyosogea nyuma. Anaweza kuviinua vya mbali kuelekea juu ya picha na kuviweka vya karibu chini. Anaweza kuzififiza rangi za milima ya mbali na kuzifanya ziwe za samawati, kama macho yanavyoiona kupitia hewa. Mwisho, anaweza kuifanya mistari yote inayorudi nyuma ikutane mahali pamoja. Mahali hapo tutapaita nukta toweko.

Njia hii ya mwisho ndiyo iliyopata heshima kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 15, mjenzi Filippo Brunelleschi wa Florence, Italia, alichora picha ya jengo la ubatizo la mji huo kwa kanuni za kijiometri. Kwa mujibu wa mwandishi wa maisha yake, aliitoboa tundu ili mtu achungulie kutoka nyuma na kuiona taswira yake katika kioo. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliziandika kanuni hizo kitabuni, akaifananisha picha na dirisha lililo wazi. Tuyazingatie masharti ya maonyesho yale ya tundu: jicho moja, lisilosogea, lililobanwa mahali pamoja. Kina cha Florence kilipatikana kwa kumfunga mtazamaji.

Mfano bora ni picha ya Utatu Mtakatifu aliyoichora Masaccio mnamo mwaka 1427 katika ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella mjini humo. Juu ya msalaba kuna dari ya kuba yenye vijisanduku vinavyopungua ukubwa kwa hesabu kali, hata ukuta unaonekana kama umetobolewa na chumba kingine kimefunguka nyuma yake. Baadhi ya mistari ambayo mchoraji aliikwaruza katika plasta ili kuongoza mkono wake ingali inaonekana. Nukta toweko iko karibu na kitako cha msalaba, takriban kimo cha macho ya mtu aliyesimama sakafuni. Chini ya kimo hicho kumelala kiunzi cha mifupa juu ya kaburi, na juu yake kuna Mwana na Baba. Muumini aliyesimama mbele ya ukuta hujikuta katikati ya mauti na wokovu, na hajikuti hapo kwa bahati: jiometria ndiyo iliyompeleka.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hupuuzwa na wengi. Kama dari inaonekana kutoka chini, Mungu Baba naye alipaswa kuonekana kutoka chini, kidevu kikitangulia na paji la uso likijificha. Masaccio hakufanya hivyo. Alimchora Baba kana kwamba tunamkabili ana kwa ana. Usanifu wa majengo unatii kanuni ya jicho moja, lakini Mungu haitii. Tunaona basi kwamba hata katika mojawapo ya picha za kwanza kabisa zilizoshika kanuni hiyo, mchoraji alijua mahali pa kuiacha. Kina kilikuwa mtumishi wa maana, na mtumishi huyo aliambiwa asubiri mlangoni.

Theluji ya Bruegel

Katika mwaka 1565 Pieter Bruegel alichora Wawindaji katika Theluji, picha ya mafuta juu ya mbao yenye urefu wa sentimita 117 na upana wa sentimita 162, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches mjini Vienna. Ni moja kati ya picha za majira ya mwaka alizomchorea mfanyabiashara Niclaes Jonghelinck wa Antwerp. Walimu wa uchoraji hupenda kuitumia kwa sababu matabaka yake yanatengana waziwazi. Mbele, upande wa kushoto, wawindaji watatu na kundi la mbwa wao wanashuka kilima, wakitupa migongo. Katikati kuna bonde lenye vidimbwi vilivyoganda, na juu ya barafu watu wadogo kama sisimizi wanateleza na kucheza. Nyuma kabisa kunainuka majabali makali ambayo hayapo katika nchi tambarare ya Uholanzi ya Kusini alikoishi Bruegel. Aliyaona safarini alipovuka milima ya Alps.

Kina hapa hakitegemei nukta toweko. Kinatokana na safu ya miti inayoshuka pamoja na wawindaji, kila shina likiwa jembamba kuliko lililotangulia, mithili ya ngazi. Halafu, ghafla, ngazi inakatika. Ukingo wa kilima unakata picha kwa mshazari, na kati ya ukingo huo na bonde hakuna njia ambayo jicho linaweza kuifuata hatua kwa hatua. Jicho linalazimika kuruka. Katika uwazi huo Bruegel ameweka ndege mmoja aliyetandaza mbawa, na kwa ndege huyo tunaupima utupu.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeisoma nusu ya picha. Rangi ya anga ni kijanikijivu, na rangi ya vidimbwi ni hiyohiyo. Anga liko mbali kuliko vyote na vidimbwi viko chini katikati, ila juu ya ubao wenyewe mabaka hayo mawili yanaitana, kama vina viwili vinavyoitana katika mshororo mmoja. Rangi inakirudisha nyuma-kabisa kije mbele. Athari yake ni kubwa kimaudhui. Wawindaji hawa wamechoka, mawindo yao ni mbweha mmoja tu aliyening'inizwa katika mkuki, na kibao cha nyumba ya wageni kando yao kimebakiwa na kiango kimoja. Kina cha picha kinawaahidi bonde, michezo na jamii ya watu. Ubapa wa rangi unatwambia kwamba hata huko wanakokwenda baridi ni ileile. Umbali upo, lakini nafuu haipo. Maana ya picha inazaliwa katika mvutano wa kauli hizo mbili, na mtazamaji anayesifu kina peke yake hataiona.

Paul Cézanne wa Ufaransa aliupeleka mvutano huu mbali zaidi. Katika picha yake ya mlima wa Sainte-Victoire yenye msonobari mkubwa, aliyoichora mnamo mwaka 1887, matawi ya mti ulio karibu kabisa yanapinda sawasawa na mgongo wa mlima ulio mbali. Maili kadhaa za nchi zimelala kati yao, na wakati huohuo tawi na mlima vinakaribia kugusana. Cézanne hakushindwa kuonyesha umbali. Aliuonyesha, kisha akatukumbusha kwamba tunatazama turubai.

Milima Isiyo na Jicho Moja

Ingekuwa kosa kudhani kwamba tatizo la nafasi lilijadiliwa Ulaya pekee. Katika karne ya 11 nchini China, mchoraji Guo Xi alieleza aina tatu za umbali katika picha za milima: umbali wa juu, wa kutoka mguuni pa mlima hadi kileleni, umbali wa ndani, wa kuchungulia kutoka mbele ya mlima hadi nyuma yake, na umbali wa sawa, wa kutoka mlima wa karibu kutazama milima ya mbali. Picha yake iitwayo Mapambazuko ya Majira ya Kuchipua, ya mwaka 1072, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri ya Kitaifa mjini Taipei, inazitumia zote tatu kwa pamoja. Hakuna mahali pamoja ambapo mtu angeweza kusimama na kuona yote hayo kwa mara moja. Mtazamaji anatarajiwa atembee: apande na ukungu, apotee kidogo, aibukie kwenye kijito, aendelee. Kina cha Guo Xi ni cha msafiri, ilhali kina cha Masaccio ni cha mtu aliyesimama.

Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky alitoa hoja, katika makala mashuhuri yaliyochapishwa mwaka 1927, kwamba kanuni ya nukta toweko haipaswi kuchukuliwa kuwa ni nakala ya jinsi tunavyoona kwa kweli. Ni umbo la kiishara ambalo utamaduni fulani, katika wakati fulani, ulilitumia kuupanga ulimwengu. Tarehe hiyo tutairudia hivi punde.

Ubao wa Tingatinga

Sasa tugeukie mwambao wetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Alitumia mbao za dari zilizokatwa mraba na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Kwanza aliupaka ubao mzima rangi moja au mbili, akaacha zikauke, kisha akamchora mnyama juu yake: chui, kiboko, ndovu au ndege, mara nyingi mmoja tu, akiwa amejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Upeo wa macho kwa kawaida haupo. Kivuli hakipo. Anayetazama kwa kipimo cha Florence atasema upesi kwamba nafasi haipo.

Nafasi ipo, ila imeelekezwa upande mwingine. Kwa kuwa usuli umefungwa kwa rangi iliyo sawa, jicho halina pa kuingilia. Nguvu yote ya picha inamsukuma mnyama nje, kumwelekea anayetazama. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini jicho la mnyama mara nyingi hutukabili. Madoadoa ya chui hayapindi kufuata unene wa misuli. Yanatandazwa juu ya mwili kwa mahadhi yake yenyewe, kama nakshi. Waswahili hawana haja ya kufundishwa namna ya kusoma nafasi ya aina hii, kwani huivaa kila siku. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Mtu hakosoi mji wa kanga kwa kukosa umbali. Huuliza kama mji unaafikiana na pindo, na kama jina limekaa mahali pake.

Hata hivyo, tusiigeuze hoja hii kuwa ngao ya kukinga kila kazi. Baada ya kifo cha mwanzilishi, wafuasi wake waliongezeka na soko la watalii likapanuka. Picha nyingi za baadaye zina mlima Kilimanjaro nyuma, machweo ya rangi zinazofifia polepole, na mstari wa twiga mbele. Kwa hesabu ya haraka, picha hizi zina kina kuliko zile za Tingatinga mwenyewe: zina mbele, zina kati, zina nyuma. Na bado nyingi zao ni dhaifu. Mlima unafifia kwa kanuni moja, twiga wamebandikwa kwa kanuni nyingine, na kanuni hizo mbili hazisemezani. Ukiuondoa mlima, twiga hawatajua. Udhaifu wake haumo katika ubapa wala katika kina. Umo katika kukosekana kwa uhusiano kati ya tabaka na tabaka. Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza, na ni kipimo kinachoweza kumpasi na kumwangusha mchoraji wa tapo lolote.

Kutoka Picha hadi Riwaya

Mwaka huohuo wa 1927 ambapo makala ya Panofsky yalichapishwa, mwandishi wa Kiingereza E. M. Forster alitoa mihadhara yake kuhusu riwaya, akawagawa wahusika katika bapa na duara. Mgawanyo huo uliingia katika uhakiki wa Kiswahili kupitia vyuo vikuu na ukatulia. Inastaajabisha kwamba katika mwaka ambao mwanahistoria wa picha alikuwa akionyesha kuwa kina cha Ulaya ni desturi moja kati ya nyingi, fasihi ilikuwa ikiazima lugha ya kina kana kwamba ni kipimo cha ulimwengu mzima. Na tukumbuke kwa haki kwamba Forster mwenyewe hakuwadharau wahusika bapa. Alikiri faida zao na kutambua kwamba riwaya yenye nguvu inaweza kujengwa juu yao. Sisi wakopaji tumekuwa wakali kuliko mkopeshaji.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Imekuwa desturi kusema kwamba wahusika wake ni bapa: majina yao yanataja tabia zao, hawabadiliki, na hawana undani wa kisaikolojia. Yote hayo ni kweli. Swali ni kama tumeangalia mpangilio wa nafasi. Nchi yenyewe iko angani. Katikati yake kuna baraza, ambamo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Kutoka baraza hilo simulizi inatoka mara sita kuwafuata wajumbe sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anakwenda, anaona mema, anarudi, na malipo yake ni adhabu. Hakuna nukta toweko hapa. Kuna kitovu na pande sita, na kila upande unarudi kwenye kitovu kilekile.

Je, mjumbe mmoja mwenye undani mkubwa wa nafsi angefanya kazi hii? Tunadhani angeivuruga. Laiti tungezama katika huzuni ya pekee ya mjumbe wa kwanza, tungelichukulia dhuluma lililompata kuwa ni kisa chake. Kwa kuwa wajumbe wote wamechorwa kwa mstari mmoja na rangi moja, jicho letu linateleza juu yao na kutua juu ya kile kisichobadilika, yaani utawala unaowaadhibu. Ubapa wa wajumbe ndio unaolifanya baraza lionekane, kama usuli wa rangi moja unavyomsukuma chui wa Tingatinga mbele. Tena shtaka ni la mahakamani, na mahakamani ushahidi wa sita wenye sura ya ule wa kwanza una uzito ambao kisa kimoja cha kuhuzunisha hakina.

Kipimo hichohicho kinatuwezesha kuitaja dosari. Nchi sita zinazotembelewa tunazijua zaidi kwa utawala na desturi zake njema kuliko kwa sura yake, hata msomaji anaweza kuzichanganya. Pindo sita zinahitaji kutofautiana kiasi ili mji uonekane kuwa umezungukwa. Hapa uhusiano wa tabaka na tabaka umelegea, na lawama hii ni ya haki kwa sababu inatoka ndani ya mpangilio wa kazi yenyewe. Tukisema tu kwamba wahusika ni bapa tutakuwa tumemlaumu mfinyanzi kwa kutofua chuma.

Ipo pingamizi ambayo haifai kupuuzwa. Huenda ikasemwa kwamba riwaya ya Kiswahili imekwisha kuchagua kina. Kwamba kuanzia Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, nafsi ya mhusika imekuwa uwanja mkuu, na kwamba kuutetea ubapa ni kurudi nyuma. Tunajibu kwamba Kezilahabi huyohuyo, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, aliivunja nafasi aliyokuwa amesaidia kuijenga. Mahali hapashikiki, nyakati zinaingiliana, na msimulizi anatembea kama msafiri wa Guo Xi katika ukungu. Mhakiki mwenye kipimo cha dirisha peke yake hana la kusema juu ya kazi hizo ila kwamba ni ngumu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wachoraji hawajapata kukubaliana juu ya namna moja ya kupanga nafasi, na kwamba hata wale waliotukuzwa kwa kina walijua lini wakiache. Masaccio alikisimamisha mbele ya Mungu Baba, Bruegel alikipinga kwa rangi, Cézanne alikifunga tawi kwa mlima. Kwa upande wa uhakiki, pendekezo letu ni dogo na linatekelezeka. Mwanafunzi anapoandika kwamba mhusika ni bapa, asipewe alama wala asinyimwe kwa kauli hiyo. Aulizwe: ubapa huo umeliweka tabaka gani mbele, na umelificha lipi? Akijibu kwa ushahidi wa matini, amehakiki. Asipoweza, amerudia istilahi.

Zipo tenzi, ngano na riwaya za awali ambazo zimekaa katika silabasi zetu kama wazee wanaoheshimiwa na kutosikilizwa, kwa kuwa tuliwahi kuzipima kwa dirisha la Florence tukaziona hazina undani. Kazi ya kuzisoma upya kwa kuzingatia mpangilio wa nafasi zake zenyewe inawasubiri watafiti, na mwandishi wa makala haya ameanza na masahihisho ya maelezo yake ya darasani.